Barua kwa mwanangu kabla hajaingia majini

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponipigia simu Ijumaa sijalala vizuri. Mama yako ananiuliza nina nini, namwambia ni joto. Si joto. Ni maneno uliyoyasema mwishoni, ukiwa tayari unataka kukata: "Baba, nitabatizwa mwezi ujao. Kanisa lao haliwezi kutufungisha ndoa bila cheti cha ubatizo. Ni utaratibu tu."

Sikukujibu, maana jambo lenyewe si la kujibiwa kwa simu iliyobakisha salio la dakika mbili. Kijana mwenyewe sina neno naye. Alipokuja hapa na wazee wake nilimpenda, na posa tuliipokea kwa moyo mweupe. Ninalokuandikia linakuhusu wewe na hayo maji.

Ulipotimiza siku 40 tulikupeleka kanisani, mchungaji akakubeba akakuombea. Hatukukubatiza. Shangazi yako, Mwanglikana wa kuzaliwa, alituchunia karibu mwaka mzima. Kwake yeye mtoto wa Mkristo hubatizwa mchanga, kama mtoto wa Israeli alivyotahiriwa siku ya nane, na akikua huithibitisha imani yake kwa kipaimara. Simdharau. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanashika hivyo, na hoja wanazo. Lakini mimi na mama yako tuliona kuna jambo moja hatuwezi kukufanyia. Jina tulikuchagulia, shule tulikuchagulia, hata dawa tulikunywesha ukilia. Jibu lako kwa Mungu tulikuachia ulitoe kwa mdomo wako. Miaka 24 nimelitunza kama mtu anavyotunza amana ya mwenziwe, na sasa naona unataka kulikabidhi kwa karani.

Sijawahi kukusimulia ubatizo wangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka 17, shule ya bweni mbali na kwetu. Walikuwepo wafadhili waliolipa karo, na ilijulikana, ingawa hakuna aliyetamka, kwamba jina la aliyebatizwa ndilo husomwa kwanza. Tukapanga foleni kando ya tangi la maji ya mvua, vijana kama 40. Majibu tulikuwa tumeyakariri. Mwalimu ameshika daftari, anaandika. Unazamishwa, unapewa jina, mwingine anapanda. Karo yangu ililipwa. Nilishuka pale na jina la kigeni na nguo mbichi, basi. Miaka mitatu baadaye ungenikuta mangweni, kwenye tembo, saa nne za asubuhi.

Nilipokuja kuokoka nilikuwa na miaka 29, nafanya kibarua bandarini Kilindini. Nikamwendea mchungaji kumwomba ubatizo. Akaniuliza, "Ukitoka majini, ni nini kitakachobaki mle?" Sikuwa na la kusema, akanirudisha nyumbani. Mwezi wa pili nikaja na jibu la kitabuni, akanirudisha tena. Mara ya tatu nikamwambia ukweli: kuna mwenzangu wa zamu niliyemwibia mshahara wa wiki mbili, na kila siku nakula naye mahamri na mbaazi kibandani kama kwamba si mimi. Mchungaji akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mlipe, halafu uje." Nilimlipa kwa mafungu, miezi minne. Siku ya kwanza nilipomwambia ni mimi, alinitukana mbele ya watu hadi nikatamani ardhi inimeze. Sasa najua kuwa ubatizo wangu ulianzia pale, kabla sijakanyaga maji.

Bahari yenyewe ilikuwa Bamburi, asubuhi. Sasa ni mimi ninayewapangia vijana siku, kwa hiyo nikueleze tunavyofanya. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, hazifai: saa nne maji yamepwa yamekwenda mwambani, utatembea juu ya mwani mpaka uchoke na bado hayajakufika magotini. Tunangoja Jumapili ya maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, ambapo saa nne yamejaa karibu na ufuo na hayana vurugu. Wanawake huvaa nguo nzito ya rangi iliyokolea na leso juu, maana nguo nyeupe ikilowa haisitiri. Mchungaji anaingia hadi kiunoni. Mzee mmoja anasimama upande wa bahari kuu, wimbi limvunjikie yeye kwanza. Anayebatizwa anakunja mikono kifuani, mchungaji anamshika viganja kwa mkono mmoja na mgongo kwa mkono wa pili. Anamuuliza mbele ya watu kama anamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wake, na kama ameiacha dhambi. Jibu lisikike hadi ufuoni. Kisha kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu analazwa chali, kama vile tunavyomlaza maiti, na anakunja magoti mwenyewe ili asiwe mzito.

Chini ya maji hakuna sauti, mwanangu. Ni nukta mbili tatu tu, lakini nyimbo za ufuoni zinakatika, huoni mtu, pumzi si yako, na mwili wako wote umeshikwa na mkono wa mwingine. Nilielewa pale kwa nini Paulo aliandika kwa Warumi, "Tulizikwa pamoja naye kwa njia ya ubatizo katika mauti yake." Neno lenyewe la Kiyunani, baptizo, ni kuchovya, kuzamisha. Ndipo nikainuliwa. Chumvi machoni, jua usoni, na mtu wa kwanza niliyemwona ufuoni ni yule mwenzangu wa zamu. Alikuja. Ni Mwislamu, alisimama mbali kidogo chini ya mvinje, lakini alikuja.

Yeye ndiye aliyeniuliza baadaye, tukiwa kazini, mbona wao hutawadha kabla ya kila swala na sisi tunaingia majini mara moja tu maishani. Nilifikiri siku nzima kabla ya kumjibu. Udhu ni wa kujitakasa usimame mbele za Mungu, nao hurudiwa. Huu wetu ni maziko, na mtu hazikwi kila siku. Petro anasema wazi kuwa si "kuwekea mbali uchafu wa mwili, bali jibu la dhamiri safi mbele za Mungu." Ukiniambia basi mimi nilibatizwa mara mbili, nitakuambia ile ya tangini niliogeshwa tu. Najua shangazi yako hakubali, maana imani ya kale hukiri ubatizo mmoja, nao wa kwanza kwake ulitosha. Mimi nasema hivyo kwa dhamiri yangu, kwa sababu siku ile sikumjibu Mungu. Niliwajibu wafadhili.

Hapo ndipo "utaratibu tu" ulipomchoma baba yako.

Unakumbuka tulipowapeleka Ngome ya Yesu mkiwa wadogo? Pana kisa cha ngome ile sikuwaambia, mlikuwa wachanga mno. Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf, angali mtoto, wakampeleka Goa, koloni lao huko India, akalelewa na mapadri, akabatizwa, akaitwa Jerónimo Chingulia. Alipokua wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Agosti 1631 aliutupa Ukristo, akaitwaa ngome, na Wakristo wengi waliokataa kusilimu waliuawa. Sikuambii haya kwa kuwalaumu ndugu zetu Waislamu. Tunaishi nao ukuta kwa ukuta na maiti zetu tunasaidiana kuzika. Nakuambia kwa sababu kila nikimfikiria mtoto yule naona kitu kimoja: mtoto aliyeuliwa baba, akapewa maji na jina na hao hao wenye nguvu. Nani alimuuliza anaamini nini?

Halafu nenda Rabai, mwendo wa saa moja tu ukitoka hapa. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mkewe na mtoto mchanga wakamfia miezi michache tu baada ya kufika. Mmisionari mwenzake, Rebmann, akamkuta 1846, wakajenga Rabai. Walihubiri miaka na miaka bila kupata mtu. Wa kwanza kuamini alikuwa mlemavu mmoja, Mringe, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Hakuwa na cha kupata, si kazi wala karo wala ndoa. Bahari hakuiona siku ile, maji yenyewe yalikuwa kidogo, na mimi niliyezoea kuzamisha watu sithubutu kusema ubatizo wake ulipungua kitu.

Kwa hiyo usiniulize kama bwawa la hoteli halifai kwa kuwa si bahari. Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanataka maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Ya baridi yakishindikana, hata ya moto. Na yasipopatikana ya kutosha, mimina kichwani mara tatu. Ona walivyolegeza kwenye maji. Lakini kufunga kabla ya ubatizo, siku moja au mbili, hapo anayebatizwa aliagizwa.

Wala usidhani nataka ukae darasani miaka. Yule towashi Mkushi, Mwafrika mwenzetu, alihubiriwa na Filipo garini na siku ile ile akasema, "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku huo huo. Haraka si kosa. Wao walikuwa na jibu moyoni, wakawa wanatafuta maji. Wewe, kwa ulivyoniambia, una maji na tarehe.

Na kama kinachokuzuia ni kwamba hujawa mwema vya kutosha, kama ulivyowahi kumwambia mama yako, hilo liache. Angekuwa anabatizwa mwema, mimi ningekuwa bado nimekaa ufuoni. Mwizi pale msalabani hakubatizwa na aliahidiwa peponi. Maji hayakuokoi, na ndiyo maana mtu hapaswi kusukumwa humo kwa hofu. Na ukisikia popote mtu anadaiwa pesa ili abatizwe, ondoka hapo. Tuliwahi kuletewa bahasha na mzazi mmoja, nikairudisha mkono ukitetemeka kwa hasira.

Hata hivyo wapo waliolipa, ila si kwa pesa. Zurich, huko Uswisi, Januari 1525, watu wachache waliobatizwa wangali wachanga walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, Felix Manz, wakabatizana upya kwa imani yao wenyewe. Baraza la mji lilikataza. Januari 1527 Manz alifungwa mikono, akatoswa mtoni Limmat hadi akafa. Ninapoona cheti cha ubatizo kimebanwa kwenye faili pamoja na picha za pasipoti, huwa namkumbuka yeye.

Basi nakuomba hivi. Mwambie kijana wako ukweli, kwamba baba yako amekuuliza swali na unataka muda. Akiwa ni mume atangoja. Zungumza na mchungaji wao pia. Pengine ni mtu mwema na anangoja mmoja tu katika hao maharusi wote amwambie sababu nyingine isiyokuwa harusi. Funga siku moja. Soma Matendo sura ya 8 na Warumi sura ya 6 polepole. Kisha jiulize lile nililoulizwa mimi: ukitoka majini, ni nini kitakachobaki mle? Usiniandikie jibu, si langu.

Ukiona jibu lipo, iwe kabla ya harusi au baada, iwe kwao au kwetu, nipigie hata usiku. Ikiwa ni huku, nitatazama jedwali la maji nikuchagulie Jumapili nzuri, na nitaomba nisimame ule upande wa bahari kuu. Mama yako ameshatoa ile leso ya kisutu sandukuni. Sikumwambia kitu, alinisikia kwenye simu. Ameifua, na sasa hivi ninavyoandika imeanikwa uani.

Ni mimi babako,
akupendaye.