Dada, mwambie Baba Mdogo hizo paundi elfu kumi sina

Leeds, Jumapili jioni

Dada Mwamvita,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake, na wote hapo Gungu nawasalimia, pamoja na Saidi ambaye tangu Idi hajanijibu. Mimi mzima. Baridi ipo, tuiache huko huko nje.

Ule ujumbe wa sauti wa Baba Mdogo nimeusikiliza wote, mpaka pale anapokohoa. Sikumjibu kwenye kundi kwa sababu wakwe zako wamo humo na ulimi wangu unaujua. Nakuandikia wewe, utachagua mwenyewe cha kumsomea.

Tuanze na hela. Kasoma kwenye simu kwamba serikali ya Uingereza iliwahi kuwapa walimu wa lugha wanaotoka nje paundi 10,000 za kuhamia. Hilo hakulitunga. Mpango ulianza 2023, kwa walimu wa lugha na wa fizikia tu, kwa kuwa hao ndio waliowaadimikia. Lakini mimi sikuupata, na kusoma habari zake hakujaniongezea hata senti. Ningeupata, nyumba ya mama ingekuwa imeezekwa zamani. Akisema naficha, muulize hela za michikichi ya marehemu baba zilikwenda wapi, halafu nyamaza umwache ahesabu.

Kilichoniuma hasa ni yale maneno ya mwisho. "Kijana kamaliza Mlimani, kaenda Ulaya kuimbisha watoto wa darasa la tatu bonjour bonjour." Watu wakamwagia vicheko. Na wewe uliweka, nimeona.

Sasa sikiliza. Mimi nasomea kufundisha lugha za kigeni kwa watoto wa miaka 7 mpaka 14, yaani msingi na mwanzo wa sekondari kwa pamoja. Tangu Septemba 2014 mtaala wao wa taifa unataka mtoto aanze lugha ya kigeni shule ya msingi, akiwa na miaka 7. Sekondari anaendelea nayo mpaka 14. Akifika hapo, tangu 2004 ana ruhusa ya kuiacha, na wengi wanaiacha bila kugeuka nyuma. Kwa hiyo mtoto anapendezwa na lugha au anaichukia akiwa mikononi mwa mwalimu kama mimi. Mwalimu anayefuata baada yangu anapokea niliowabakiza.

Na penye kazi ni pale wanapovuka kwenda sekondari wakiwa na miaka 11. Shule moja ya sekondari inapokea watoto wa shule nyingi za msingi. Huyu kasoma Kifaransa miaka minne, yule Kihispania, mwingine kipindi chake kilikuwa Ijumaa mchana na kila kukiwa na mazoezi ya tamasha kinaliwa. Mwalimu wa sekondari akiwaona hivyo anaona bora aanze upya na salamu kwa wote. Yule wa miaka minne anaboreka kabla wiki haijaisha, na akishaboreka humpati tena. Ndiyo maana kozi yangu inatupeleka pande zote mbili. Wiki nyingi lazima tuwe shuleni, darasani kabisa, chuoni ni zile zinazobaki. Nimeshika watoto wa miaka minane, nimeshika na wa kumi na tatu wenye kuvuta midomo kama Saidi.

Kuimba tunaimba, sikatai. Ila ngoja nikueleze kipindi nilichokaguliwa. Watoto wa Kiingereza ukiwaandikia neno la Kifaransa wanalisoma kwa herufi zao, linatoka kitu hakijulikani. Kwa hiyo tunaanza na sauti na maandishi yake. Nikaandika "trois", tukatamka, nikapigia mstari "oi". Kisha kila mmoja akachukua kibao chake cheupe na kalamu ya kufutika, nikawaambia nitasema neno ambalo hawajaliona maishani, waandike wanachosikia. Nikasema "loi". Nyuma kuna mtoto mmoja hasemi hata Kiingereza, anakaa amejifunika na kola ya sweta. Akaandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, akainua kibao juu ya kichwa: l, o, i. Yule mama anayenisimamia aliacha kuandika, akamtazama, akanitazama. Kwenye ripoti akaandika kwamba sauti nazifundisha vizuri kuliko walimu wengi wa siku nyingi. Hiyo sentensi Baba Mdogo msomee mara mbili.

Baada ya sauti ni vitenzi. Zamani hapa walikuwa wanaanza na rangi na majina ya wanyama, mtoto anamaliza msingi anajua tembo na zambarau lakini hawezi kusema ana njaa. Siku hizi wengi tunatanguliza "kuwa" na "kuwa na", maneno yanayotumika kila saa. Baba Mdogo mwenyewe alikaa Bujumbura na vitenge vyake miaka yote ile, akarudi na tusi moja.

Siku nyingine niliwafungulia ramani ya Ziwa Tanganyika. Walidhani Kifaransa kinaishi Paris tu. Nikawaonyesha Bujumbura, Uvira, Kalemie, nikawaambia kwetu mfanyabiashara anavuka maji anakikuta ng'ambo. Kisha nikaweka picha ya Kibirizi, maboti yamejaa dagaa. Mtoto mmoja ikabidi aniulize kama kipindi kimeisha.

Mkuu wa shule niliyopo sasa kaniambia nafasi ikitangazwa niombe. Bado sijaamua. Mtaala wetu wa 2023 nao umeweka Kifaransa kama somo la kuchagua shule ya msingi, na walimu wa kukifundisha sijui watatoka wapi kama sisi wote tunabaki huku. Hili usimwambie mama, ataanza kunitafutia mchumba Ujiji.

Jumamosi nafanya kazi ghala moja hapa, na hilo pia usimwambie.

Hela nimetuma kwa jina lako. Ni za bati, geji 28, usikubali fundi akuletee 30. Kiwanja cha Mwandiga hakiuzwi. Baba Mdogo akileta karatasi yoyote ya kusaini, mama asisaini, aseme miwani imepotea.

Mtoto wa Mama Rehema akisafiri mwezi ujao, mpe dagaa kavu na mawese. Mawese ya dukani huku yana rangi tu. Weka kwenye kidumu, funga mfuniko na nailoni kwanza, ya safari iliyopita yalimwagikia suruali zote na bado zinanukia Kigoma.

Mdogo wako,
Hamisi