Vifaa vya watoto wenye mahitaji maalumu si lazima vitoke dukani

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mi ni mwalimu wa elimu maalumu na kinachoniuma ni kusikia mwenzangu anasema hafundishi kitu fulani kwa sababu vifaa havijaletwa, sasa huyo mtoto asubiri mpaka lini jamani?

Chukua trei ya mayai, kata kipande chenye mashimo sita, mawili kwa upana matatu kwenda chini. Hapo tayari una seli ya breli, yaani nafasi ya herufi moja kwenye maandishi ya kupapasa ya wasioona, ile ile ya nukta sita aliyobuni Louis Braille. Tumbukiza kifuniko cha chupa shimo la juu kushoto, hiyo ni A, ongeza kingine chini yake imekuwa B. Mtoto asiyeona anapapasa, anatoa, anarudisha, na vidole vinashika mpangilio kabla hajafika kwenye nukta ndogo za karatasi. Mwanafunzi wangu mmoja alivyopata herufi ya kwanza ya jina lake aliirudia weee mpaka kengele ikalia, nami sikumkatiza.

Katoni nayo usitupe, bandika picha za ratiba ya siku, wale wenye usonji wakijua kinachofuata wengi wao wanatulia. Herufi za msasa za kupapasa kwa kidole pia ni rahisi, unakata unagundisha basi.

Ila tafadhali, mtoto anayetia vitu mdomoni usimwachie vifuniko peke yake, atakabwa. Na kingo za katoni zipigwe selotepu, zinachana vidole.