Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya Mwalimu, Rungwe

Mwanakondoo ameshinda! Wakubwa shikamooni, wengine wote habari za siku. Leo ni wiki ya tatu toka tumlaze baba na mimi kitinda mimba ndo nimetupiwa kazi ya kuandika hizi shukrani, kaka zangu wamesema wewe una bando, haya, nikisahau mtu mnisamehe mimi, msiwanunie wao.

Kwa niaba ya mama, watoto na wajukuu tunasema ndaga fijo, yani asanteni sana, kwa wote mlioshiriki nasi kwa hali na mali toka mzee anaugua mpaka tunatandua tanga. Madaktari na manesi mliomhangaikia, yule nesi wa zamu ya usiku aliyekuwa anamuitikia "naam mwalimu" kila alipoita hata kama alishaita mara kumi, Mungu akuone. Wachungaji na wazee wa kanisa, kwaya, vijana wa tarumbeta, majirani mliochimba kaburi kwenye mvua, kina mama mliolala jikoni siku tatu na masufuria ya mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maharage, na familia za Kiislamu za pale sokoni mlioleta sukari na mchele kabla hata sisi wenyewe hatujajua tunaanzia wapi. Walimu wastaafu mliokuja na fimbo za kutembelea. Na wale wa grupu la wanafunzi wake wa zamani, michango yenu ya simu ilikuwa inaingia mpaka simu ya kaka ikawa inajaa meseji, tulilipa jeneza, gari na chakula hatukukopa popote.

Gari nalo! Lilinasa kwenye tope kabla ya kufika kanisani, mvua ya Rungwe mnaijua haichagui msiba wala harusi, na kabla hatujaomba msaada vijana wa bodaboda wameshashuka wanasukuma, na katikati yao baba mmoja mwenye suti na tai, viatu vyake viliisha pale pale. Tulikuja kuambiwa baadae ni mtu mzito huko aliko. Alipoulizwa kwanini asingesubiri akasema mwalimu angemchapa. Maana tusidanganyane jamani, viboko mzee alichapa, kila aliyepewa nafasi ya kuongea pale alianza na viboko.

Wengi mmeniomba niandike kidogo habari zake kwa sababu wasifu uliosomwa ulikuwa mfupi na spika zilikuwa zinakata kata. Alizaliwa enzi za Mwingereza, akasoma shule ya misheni, hawa Wamoravian waliofika Rungwe 1891, na alipomaliza ualimu akapangiwa shule ya misheni hiyo hiyo. Alafu serikali ikaja kuzichukua shule za madhehebu baada ya ile sheria ya elimu ya 1969, yani mzee alilala mwalimu wa kanisa akaamka mwalimu wa serikali, ubao ule ule, chaki ile ile, mwajiri ndo mpya. Kuna wenzake walinung'unika sana, yeye alikuwa anasema watoto hawajabadilika. Darasani hakuhubiri, hilo nataka lieleweke, watoto wa Kiislamu aliowafundisha wapo na ni mashahidi. Ila saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshapiga magoti, anasoma yale maneno ya kila siku ambayo Wamoravian wanayachapa toka 1731, anachagua moja, analiandika kwa penseli nyuma ya andalio la somo. Haya maandalio tunayo boksi zima. Mbele "Hisabati, darasa la nne, kugawanya", nyuma mstari wa Isaya.

Mtu wake alikuwa askofu Comenius, Mmoravian wa zamani, aliyezaliwa 1592 na mwaka 1658 akatoa kitabu cha kufundishia watoto chenye picha mwanzo mpaka mwisho, na aliyetaka wote wasome, wa kike na wa kiume, wa tajiri na wa maskini. Jina hilo lilitajwa sana nyumbani mpaka mimi nikiwa mdogo nilijua ni babu yetu mmoja wa ukoo. Basi kwa kumfuata huyo babu, mzee alifundisha sehemu kwa mkungu wa ndizi, mkungu una chane nane, toa chane mbili, umebaki na sehemu gani, na mwisho wa kipindi somo linaliwa. Mkungu umetoka wapi? Shambani kwetu. Mama ndo alikuwa anakuta mgomba umekatwa.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lile lililotaka kila mtoto aende shule, watoto walijaa mpaka madirishani, akawa anafundisha asubuhi na mchana, jioni anawanoa wale vijana wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, waliotoka darasa la saba wakapewa chaki, na usiku kisomo cha watu wazima kwa taa ya chemli. Likizo anasaga mkaa wa betri kuukuu na majani ya viazi anapaka ubao.

Hapa niseme ukweli, sisi watoto wake tulikuwa na kinyongo. Mshahara ulikuwa unafika nyumbani umeshang'atwa, kaptula ya fulani, daftari za fulani, na sisi tuna viraka. Dada aliwahi kumuuliza mezani sisi ni watoto wa nani? Mzee hakujibu, alimaliza kula akatoka. Kinyongo hicho nilikuja nacho mpaka msibani, sitaki kujifanya.

Sasa siku ya kuaga kulikuwa na kitabu cha rambirambi pale mezani, foleni ndefu, watu wana haraka, akafika bibi mmoja mzee sana ameshikwa mkono na mjukuu. Mjukuu akataka amwandikie. Bibi akakataa. Akaomba kiti, akakaa, akashika peni kama mtu anavyoshika mwiko, akaanza kuandika jina lake, herufi moja, anapumua, herufi nyingine, majina yote matatu, na foleni yote imesimama kimya, hata wale wenye haraka. Alipomaliza akaniangalia akasema, "Baba yako alinikataza dole gumba." Ni wa kisomo huyo. Mimi nilitoka nje.

Alafu jioni tunapanga vitu vyake tukafungua lile sanduku la bati la chini ya kitanda ambalo tulijua lina hati za shamba. Hati zipo, na kaunta buku moja kubwa limeshonwa na uzi wa gunia. Majina ya watoto walioacha kuja shule, mwaka baada ya mwaka, na mbele ya kila jina sababu kwa mwandiko wake ule wa kulala: anachunga, hana kaptula, mama mgonjwa, baba kamkataza, anasema atachapwa. Kumbe zile Jumamosi anapotea mchana kutwa na sisi tunabaki na jembe, alikuwa anapita nyumba hadi nyumba na hilo kaunta. Mengi yamekatwa mstari na pembeni tarehe na neno moja, "karudi". Mengine hayajakatwa. Kuna moja ameandika sababu "anaogopa mimi", na hilo limekatwa mara mbili, tarehe za miezi minne mbele.

Dada alikaa nalo usiku mzima. Asubuhi alisema tu kwamba ile kaptula ya mtoto fulani aliyokuwa akiilalamikia ameiona, ukurasa wa tatu.

Kaunta buku lipo kwa mama. Wengi mmeuliza kama mnaweza kuja kuangalia majina yenu, karibuni sana, ila pigeni simu kwanza maana asubuhi mama yuko shamba, na halitoki nje, kulipiga picha ruksa. Ibada ya shukrani tutawatangazia kupitia kanisani na kwenye grupu.

Mwisho, tumebaki na miavuli mitatu mieusi, sufuria moja kubwa lenye alama ya msumari chini, na kiatu kimoja cha kiume cha kulia namba 43. Tunadhani ni cha yule mwenye suti.

Kwa niaba ya familia,
Kitinda mimba