Nzi wa kijani kwenye sukuma wiki si adui

Mhariri,

Nakuza sukuma wiki kwenye magunia 6 juu ya paa hapa Umoja. Juzi jirani aliona nzi wametapakaa kwenye majani, akaniletea kopo la dawa. Nikamwambia, hebu watazame kwanza.

Nzi wa nyumbani ni wa kijivu, ana mistari 4 myeusi mgongoni. Hawa ni wadogo zaidi, wembamba, kijani chao kinang'aa kama shaba iliyosuguliwa, na miguu mirefu inawainua juu ya jani. Yule wa kijani anayefuata nyama buchani ni mnene, mwenye vinyweleo vigumu, wengi huwachanganya. Hawa wangu wa miguu mirefu, wataalamu huwaita Dolichopodidae, jina la familia nzima, si la spishi moja. Kutaja spishi yenyewe ni kazi: aghalabu humtazama dume, kiungo chake cha uzazi kilichokunjwa chini ya tumbo na mapambo ya miguuni. Majike hufanana mno! Mimi na lenzi yangu ya kusomea gazeti huishia kwenye familia tu.

Chakula chao ni wadudu laini kama vidukari, walewale wanaokunja majani yangu.

Kopo nimemrudishia jirani, halijafunguliwa.

Mama wa Magunia,
Umoja, Nairobi