Kisanduku cha sadaka kabla ya Sabato

Shalom mabibi na mababu. Ijumaa hii, kabla mishumaa ya Sabato haijawashwa, wapeni wajukuu sarafu wazitumbukize wenyewe kwenye kisanduku cha tzedaka, yaani sadaka. Sabato ikishaingia hatugusi pesa, kwa hiyo msichelewe. Kisanduku kikijaa, wao ndio waamue zimwendee nani, hata wakibishana jioni nzima. Walio wakubwa kidogo waelezeni ngazi 8 za kutoa sadaka za Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi wa zama za kati: ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ubia au kazi ili asilazimike tena kuomba. Hiyo ndiyo ninayotamani sana waielewe. Sikukuu yetu ya Purim ikifika, kila mtoto awape maskini wawili zawadi, kwa heshima, bila kupiga picha. Mwenye kisanduku cha ziada aseme hapa, tafadhali.