Klachi ya Willys: msishushe giaboksi kwanza

Salim ndugu yangu,

Salaam sana, na za siku nyingi. Sisi huku wazima, watoto wanakua, mengine tutaongea. Kilichonifanya nishike kalamu ni maneno ya Bakari: eti klachi ya ile Willys yako, jipu la kale la jeshi, imekuwa ngumu mpaka mguu unatetemeka, na Jumamosi wewe na Fundi Mkuu mnashusha giaboksi. Tafadhali bwana, subirini kidogo.

Fundi Mkuu namjua. Akisikia neno klachi tu, keshalala chini ya gari na jeki. Lakini klachi kuisha ni jambo moja, na klachi kuwa nzito ni jambo jingine. Pleti, ile sahani ya klachi inayoshika nguvu ya injini, ikiisha klachi inateleza, injini inanguruma na gari haliongezi mwendo. Bakari anasema lako linavuta vizuri, ila pedali inashuka kwa ugomvi na kurudi inapojisikia. Hiyo mimi naona inatoka kwenye vyuma vya nje, ambavyo unavifikia bila kugusa bolti hata moja ya giaboksi.

Na kuna kitu ulinionyesha mwenyewe tukacheka: ukikanyaga klachi, pedali ya breki nayo inatikisika. Tulicheka bure, jibu lilikuwa pale pale. Pedali zote mbili ziko kwenye shafti moja. Ya klachi imebanwa kwenye shafti na inazunguka nayo, ya breki imevishwa tu juu yake. Shafti ikikauka grisi na kushika kutu, klachi inaiburuta breki. Unasukuma pedali mbili kwa mguu mmoja, halafu lawama zinaangukia springi za klachi!

Kwa hiyo kabla ya jeki, fanya hivi. Chomoa pini inayounganisha fimbo ya pedali na lile bomba la katikati linalopitisha msukumo kutoka pedali kwenda kwenye klachi, kisha sukuma pedali kwa mkono. Ikiwa bado ngumu na haijashika kitu chochote, ugonjwa uko kwenye shafti, na giaboksi haihusiki kabisa. Ikiwa laini, tikisa bomba lenyewe, halafu endelea mpaka kwenye kebo fupi inayovuta uma wa klachi, yaani ule mkono unaosukuma beringi ya kuachia klachi. Kata njia vipandevipande, usikisie.

Usiniambie kwamba huwa unatia grisi. Na mimi nilikuwa natia. Nilipoichomoa shafti ya gari langu nikakuta grisi ya kale imekauka ndani ya tundu la nipeli, kile kichuchu cha kuingizia grisi, kama nta ya sikio. Kila nikipiga pampu ya grisi, yote ilikuwa inatokea pembeni mwa nipeli, ndani haiingii kitu. Nikazibua tundu kwa waya, nikaisugua shafti kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikaangalia bushi, zile pete ambamo shafti inazunguka, kama zimelika, nikarudisha. Sasa nikipiga grisi naiona ikichungulia upande wa pili. Ukiona imechungulia, ujue imefika.

Ah, na lile bomba la katikati. Upande mmoja limeshika chesisi, upande wa pili limeshika upande wa injini na giaboksi. Chesisi imetulia, injini inacheza juu ya raba zake. Raba zikichoka, bomba linakaa upande na vile vichwa vya mviringo vya ncha zake vinaanza kubana. Ndiyo maana Willys ina ule waya wa kuishikilia injini isisogee mbele na nyuma. Watu wengi wanautupa wakidhani ni takataka ya jeshi. Wako upo? Ukiwa umelegea au haupo, utarekebisha klachi leo na kesho imebadilika.

Ukimaliza hayo yote, acha pedali iwe na uhuru wa robo tatu ya inchi, kama milimita 19, kabla haijaanza kusukuma beringi. Fundi Mkuu anapenda kuimaliza nafasi hiyo ili klachi "ishike juu". Mkatalie. Beringi itakuwa inazunguka muda wote na itakufa mapema.

Sikatai kwamba giaboksi inaweza ikahitaji kushuka. Ukichomoa kebo ukaona uma wenyewe unakwama, basi pengine beringi inajikwaruza pale inapoteleza, na hapo hakuna ujanja, mshushe. Mkifika huko, grisi kidogo sana, maana ikizidi inarukia pleti. Na beringi msiioshe kwa petroli kama mnavyoosha kila kitu, itatoka safi na imekauka ndani. Tena tazameni bushi iliyo nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, ingawa hiyo dalili yake ni gia kulia wakati wa kuingiza, wala si pedali nzito. Mwenyewe nimeanza kuchanganya mambo.

Sasa nijibu. Breki bado inatikisika ukikanyaga klachi? Pedali inakwama ikiwa baridi tu, au hata baada ya safari? Gia zinalia? Ile pini ya fimbo tundu lake bado mviringo, au limeshakuwa yai? Na nipeli zangu ndogo ulizoazima bado unazo, au Bakari keshazibeba? Nijibu kabla ya Jumamosi, na kama Fundi Mkuu keshafika na jeki, mpe chai umcheleweshe.

Wako,
Hamisi