Usaili wa mtandaoni hupotea kabla ya swali la kwanza

Ndugu Mhariri,

Vijana wa Mbeya na Iringa wanaoomba kazi za mtandaoni Ulaya na Marekani hukesha wakikariri majibu ya Kiingereza. Saa, sauti na umeme huachiwa bahati.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayoumiza wengi. Sisi hatubadilishi saa, wenzetu hubadilisha. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba, kisha saa 8. London ni saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, kisha saa 3. Hivyo usaili wa 9:00 asubuhi New York, mwezi Julai ni 16:00 kwetu, yaani saa 10 jioni. Desemba ni saa 11. Mjibu mwajiri ukiandika saa zote mbili, yake na yetu, athibitishe.

Desemba hiyo ni msimu wa mvua wa nyanda za juu, na mvua hupenda kushuka alasiri. Bati lisilo na dari likipigwa na mvua, hakuna anayekusikia. Tafuta chumba chenye dari, uvae hedifoni za waya zenye maiki.

Kwenye mtandao, wengi hupima kasi ya kupakua tu, ilhali sura na sauti yako hutegemea kasi ya kupakia. Zoom ya watu wawili kwa picha angavu ya 720p huhitaji takribani megabiti 1.2 kwa sekunde. Pima siku moja kabla, saa ile ile ya usaili, kwa kuwa mnara uliokuwa mwepesi asubuhi huelemewa jioni. Bando liwe angalau GB 2 kwa saa moja, na simu iwe na laini ya kampuni nyingine. Picha ikianza kukwama, waarifu kwanza ndipo uzime kamera, wasidhani umeondoka. Sauti peke yake hula data kidogo.

Umeme ukikatika kompyuta mpakato hubaki, ruta huzima. Betri ndogo ya akiba huiokoa, ila volti zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta (nyingi ni 12), la sivyo unaweza kuiunguza.

Tunaviomba vyuo vyenye maabara za kompyuta vikodishe chumba kimoja kwa saa, kibaki wazi hadi saa 2 usiku. Usaili wa saa 11 jioni hukuta milango mingi imeshafungwa.

Wakufunzi wa kompyuta,
Mbeya